Ukinunua gari jimbo jingine Marekani, kodi inakusubiri nyumbani

Ndugu zangu mlioko Marekani, msidanganyike na maneno kwamba ukivuka kwenda kununua gari Oregon au Montana, ambako hakuna kodi ya mauzo, basi umeikwepa. Kwa kawaida kodi ya gari inafuata jimbo utakalolisajili. Siku ya kuomba namba, utadaiwa.

Chukua Texas. Kodi ya gari ni asilimia 6.25, kwa hiyo gari la dola 20,000 linadai dola 1,250. Kama ulikonunua walishakutoza kodi halali ya dola 800, Texas inazitambua, na unamalizia 450 tu. Lakini lazima uthibitishe. Ndiyo maana nasisitiza: dai hati ya mauzo inayoonyesha kodi kwenye mstari wake peke yake, pamoja na jina la jimbo lililolipwa. Jumla tupu haikusaidii, na kumfuatilia muuzaji aliye mbali baada ya hapo ni usumbufu mtupu.

Ukinunua kwa mtu binafsi, msikubaliane kuandika bei ya uongo. Texas hulinganisha bei yako na thamani ya gari sokoni. Ukiandika chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, kodi inapigwa kwenye hiyo 80.

Kabla hujatuma hata malipo ya awali, pigia simu ofisi ya usajili ya kwako, uliza kiasi cha kodi na siku za mwisho za kulipa. Muuzaji anajua sheria za kwao, za kwenu huenda hazijui.