Usimuulize "unafanya kazi gani?"
Ukienda wilaya ya Rungwe au Kilolo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kukusanya maelezo ya wanawake kwa utafiti wa jinsia, usianze na "Mama, unafanya kazi gani?" Wengi watakujibu, "Niko nyumbani tu." Mwombe akusimulie siku ya jana tangu alipoamka: maji, kuni, kupalilia viazi, mikungu ya ndizi aliyopeleka sokoni, mgonjwa aliyemwogesha. Hapo ndipo uulize shamba ni la nani, na hela ya mavuno anashika nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Nyumbani mambo yanaweza kuwa mengine kabisa. Na tafadhali, mfuate jikoni au shambani, mumewe asiwepo. Shika kisu, menyeni viazi pamoja.