SOMO: Baiskeli ya kwanza ya mtu mzima, ya lami na ya vumbi, kwa hela ya kawaida

Wakuu, salaam.

Nikigusia tu habari za baiskeli, nafuatwa na ujumbe uleule: "Kaka, nataka baiskeli ya kwendea kazini, njia nusu lami nusu vumbi, nina laki mbili na nusu, ninunue ipi?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, kuanzia kesho anayeuliza namwelekeza hapa.

Niko Morogoro. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 9: lami, changarawe, halafu kipande cha udongo mweusi ambao masika unageuka ugali. Nina kilo 72 na sijawahi kushindana na mtu yeyote isipokuwa bodaboda, na nilishindwa. Mimi si fundi, ni mtu aliyekwishapoteza hela.

Hatua ya 1. Jua njia yako: kiasi gani lami, kiasi gani mchanga, na kama kuna mlima.

Hatua ya 2. Usimalize hela yote kwa muuzaji. Ukiwa na 250,000, nunua ya 200,000. Iliyobaki ni ya tyubu, raba za breki, gololi na fundi. Baiskeli ya mtumba hata ing'ae vipi, lazima ifunguliwe.

Hatua ya 3. Simama juu yake, miguu yote chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako iingie vidole vitatu, na zaidi kama njia ni mbovu, kwa sababu siku ya kuruka ghafla utaelewa kwa nini. Ikikugusa, achana nayo. Siti unaweza kuipandisha na kuishusha, fremu huwezi.

Hatua ya 4. SOMA NAMBA NDOGO UBAVUNI MWA TAIRI.

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa.

Baiskeli yangu ya kwanza ukubwani ilikuwa mtumba wa Uholanzi, ringi "28". Nzuri kweli, nyeusi, ina madigadi, ina taa. Baada ya miezi miwili tairi ya nyuma ikachanika. Nikaenda dukani nikasema "nipe tairi ya 28", nikapewa ya Phoenix, ile baiskeli nzito ya mizigo, 28 × 1½. Mbona na yenyewe ni 28! Fundi akaivalisha. Ikaingia kirahisi mno, kwa mkono, bila hata kijiko cha kuvalishia tairi. Hiyo ilikuwa dalili, sisi tukadhani ni bahati. Akajaza upepo, tairi ikawa inayumba kama mlevi, akasema itakaa yenyewe ikitembea. Nilifika karibu na Msamvu, kwenye stendi ya mabasi. Ukingo wa tairi ukapanda juu ya ringi, tyubu ikachungulia, ikalia PAA. Watu stendi waliinama. Mimi nilikuwa tayari niko chini, kiwiko kimechubuka na suruali ya kazini imekwisha.

Sababu ni hii. Neno "28" ni jina tu, halipimi kitu. Kipimo cha kweli ni zile namba mbili zenye kistari katikati, mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi. Ya pili ndiyo isiyosamehe:

28 ya Phoenix na ndugu zake: 635.
28 ya Ulaya, ambayo pia huandikwa 700C: 622. Hata "29" ya siku hizi ni hii hii 622.
27.5: 584.
26 ya mlimani, iliyoandikwa kwa nukta (26 × 1.95, 26 × 2.0): 559.
26 ya Kijapani, ile yenye kapu mbele, iliyoandikwa kwa sehemu (26 × 1 3/8): 590.
27 ya Kijapani (27 × 1 3/8): 609.

Kati ya 635 na 622 ni milimita 13 tu. Milimita 13 ndizo zilizonilaza barabarani.

Kwa hiyo KABLA ya kutoa hela, iandike hiyo namba, nenda kwa wauza vipuri wa mtaani kwako, siyo wa Kariakoo, uliza kama wanayo. Ile 559 utaikuta karibu kila duka. 635 pia, mpaka vijijini. 622 mjini, kwa kutafuta. 609 usinunue kabisa, labda kama una shemeji Osaka. Na ukienda kununua tairi, beba ile ya zamani. Usitaje "28" wala "26" kwa mdomo mtupu. Tairi ikiingia kirahisi kupita kiasi, simama hapo hapo.

Hatua ya 5. Gia na shokapu. Mlima hauna, gia moja inatosha. Mlima upo, tafuta yenye meno machache mbele. Shokapu za baiskeli ya bei rahisi ni uzito tu, zinabonyea unapokanyaga, na hiyo ni nguvu yako inayokwenda bure. Foku (ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) ya chuma isiyo na shokapu na tairi pana yenye upepo wa wastani ni raha kuliko hizo spring. Kwenye 26 × 1.95 mimi najaza psi 40 nyuma na 35 mbele.

Hatua ya 6. Ukaguzi. Nenda na sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Ikinasa kwenye ringi, hiyo ni ringi ya chuma, na breki za raba kwenye chuma kilicholowa ni maombi tu. Isiponasa ni alumini, afadhali sana. Zungusha magurudumu uone kama yanachezacheza kati ya raba za breki. Yasukume kushoto na kulia. Yakigonga, gololi zimekwisha au zimelegea. Itazame foku kwa ubavu, kama imerudi nyuma iligonga kitu. Angalia chini ya shingo ya fremu kama rangi imepasuka kwa mstari. Na mlazimishe muuzaji apandishe siti mbele yako, maana bomba la siti likiganda ndani ya fremu halitoki hata kwa ugomvi.

Hatua ya 7. Andikishianeni, na namba ya fremu iwemo. Aghalabu iko chini, panapopita ekseli ya pedali. Muuzaji asiyetaka kuandika, mshukuru uondoke.

MASWALI

Kobe Mwendokasi: Mkuu somo zuri. Sasa kwa laki mbili na nusu ninunue ipi?

Mleta somo: Umesoma?

Kobe Mwendokasi: Nimepitia juu juu. Kuna jamaa ana ya gia 21, shokapu mbele na nyuma, inawaka balaa.

Mleta somo: Hatua ya 4 na ya 5. Kuwaka siyo kipimo.

Mwalimu wa Ipogolo: Shikamoo kaka. Nafundisha Iringa mjini, naishi bondeni. Asubuhi ni kupanda tu, jioni kushuka. Nina urefu wa sm 155 na navaa sketi, kwa hiyo nafikiria ile ya Kijapani ya kapu, bomba lake la chini nalipenda. Nimesoma namba: 37-590. Ina gia tatu ndani ya gurudumu la nyuma. Wasiwasi wangu ni mlima, na hizo gia za ndani.

Mleta somo: Marahaba dada. Umeniwahi, umesoma namba kabla ya kununua! Nikujibu kwa kirefu.

Fremu umechagua sawa. 590 si 559, tairi zake zipo ila nunua mbili mapema uweke ndani. Gia tatu za ndani hazichafuki na hazitaki matunzo mengi, lakini zikifa mafundi wengi hawazifungui, wanakushauri ubadilishe gurudumu zima. Zijaribu zote tatu ukiwa umekanyaga kwa nguvu. Ikiteleza hata moja, iache.

Kuhusu mlima, hesabu ni hii. Baiskeli ya 28 yenye meno 48 mbele na 18 nyuma inakwenda karibu mita 6 kila mzunguko wa pedali. Ya mlimani yenye meno 28 mbele na 28 nyuma inakwenda mita 2 na kidogo. Kwa kupanda kutoka Ipogolo kila siku ningetafuta ya mlimani ya 26, fremu ya kike. Zipo, hazing'ang'aniwi na vijana, ndiyo maana bei yake hukaa chini. Kapu unafunga mwenyewe.

Na kushuka: usikubali breki ya kurudisha pedali nyuma ikiwa peke yake. Mteremko mrefu huipasha moto mpaka grisi inayeyuka. Nataka uwe na breki mbili zinazoshika.

Mwalimu wa Ipogolo: Asante sana kaka. Na siti niipandishe kiasi gani?

Mleta somo: Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Wengi wetu tunakaa chini mno, halafu tunalaumu magoti.

Mjukuu wa Phoenix: Naona umeidharau Phoenix. Babu yangu alibebea mkaa miaka nenda rudi.

Mleta somo: Nionyeshe nilipoidharau. Nimesema 635 inapatikana mpaka vijijini, hiyo ni sifa. Kwa mzigo na tambarare haina mpinzani. Lakini breki zake za vyuma mvua ikinyesha unajua mwenyewe, na uzito wake mlimani babu yako alikuwa anausukuma, hakuwa anaupanda. Ukitaka kuilainisha, toa frihwili, yaani yale meno ya nyuma, ya meno 18 weka ya 22, utaongezewa mnyororo kidogo. Gharama ndogo, tofauti kubwa.

Mjukuu wa Phoenix: Hilo la frihwili sikulijua. Nimekusamehe.

Otieno wa Nakuru: Huku kwetu hiyo tunaiita Black Mamba. Mwalimu, spare za 622 zinasumbua hata huku. Swali: chain ya mtumba nitajuaje kama imekwisha bila kifaa?

Mleta somo: Swali zuri. Rula ya chuma yenye inchi. Sifuri iwe katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha mnyororo. Ikizidi kwa 1/8, mnyororo umeshakula meno ya nyuma pia, kwa hiyo punguza bei ya vyote viwili.

Mgogo Mtupu: Dodoma hapa tatizo ni mbigiri. Napata pancha tatu kwa wiki.

Mleta somo: Chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, toa valvu, itandike ndani ya tairi kama bitana, halafu tyubu nzima juu yake. Inaongeza uzito, lakini unafika.

Mama Keria: Naongezea. Kabla ya kurudisha tyubu iliyozibwa, pitisha soksi kuukuu ndani ya tairi. Mwiba uliobaki utanasa kwenye soksi, siyo kwenye kidole. Na kwa mnyororo acheni oili chafu ya gereji, inakamata vumbi inakuwa msasa. Mafuta ya cherehani, tone moja kila pini, futa kwa kitambaa.

Mleta somo: Mama Keria kaja na somo lake. La soksi nalichukua. Nyongeza kwa wanunuzi wa mtumba: za Japani breki ya mbele huwa mkono wa kulia, nyingi za Ulaya bara huwa kushoto. Jaribuni polepole kwanza, msije mkaruka juu ya usukani.

Kobe Mwendokasi: Wakuu nimeshanunua. Ile ya gia 21, shokapu mbili.

Mleta somo: Tairi namba ngapi?

Kobe Mwendokasi: Ngoja nitoke nje nikaangalie... 50-559.

Mleta somo: Umepona. Kwa bahati, lakini umepona. Shokapu ya nyuma ikianza kulia usiimwagie oili, nenda kwa fundi akaze bolti zake. Na ya mauziano umeandikishana?

Kobe Mwendokasi: Ipi tena hiyo?