Kurudi kurusha mkuki baada ya kuumia bega

Haya ni kwa mrushaji aliyekwisha kuruhusiwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kama bega liliteguka au ulipasuliwa, usianze bila ruhusa hiyo.

Hatua ya 1: Pima bega. Inua mkono hadi juu, kisha upeleke nyuma kama unayetaka kurusha. Mkono usiume, na ufike unakofika mwenzake. Sasa funga mpira wa kuvuta kwenye nguzo, bana kiwiko ubavuni, vuta kwenda nje. Misuli hiyo midogo ya nyuma ya bega ndiyo breki ya mkono mkuki ukishatoka. Ikichoka mapema kuliko ya bega lisiloumia, baki hapa.

Hatua ya 2: Mipira. Rusha mpira mzito wa kilo 2 kwa mikono miwili, kutoka juu ya kichwa. Ukizoea, mpira wa tenisi kwa mkono mmoja.

Hatua ya 3: Mkuki, umesimama. Mwanamume aanze na wa gramu 600 au 700, siyo 800 wa mashindano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kocha husema "rusha nusu nguvu", na mrushaji mwenye hamu ya miezi karibu kila mara huzidisha bila kujua. Kwa hiyo weka koni mita 15 na uchome mkuki hapohapo. Ukiipita koni umezidisha, hata kama mkono ulihisi mwepesi. Mirusho 15 yatosha, kesho yake pumzika. Mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma: aliyeumia hushusha kiwiko akikwepa maumivu, na baada ya bega huumia kiwiko.

Hatua ya 4: Ongeza kimoja tu kwa wakati. Umbali, idadi, uzito, au hatua za kukimbia: tatu, tano, kisha mbio kamili. Mguu wa mbele ukilegea unapotua, bega ndilo litakalobeba kazi ya miguu na nyonga.

Kila asubuhi liulize bega. Uchovu wa misuli unaoisha ukipasha mwili si tatizo. Maumivu ndani ya kiungo, au yaliyokuamsha usiku: pumzika, rudi hatua moja. Ganzi, au bega kutaka kuchomoka: acha, mwone daktari. Na usimeze dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, maana utashindwa kujua uko wapi.

Hatua ya 5: Shindano la kwanza. Rusha mara tatu, kisha vua viatu, hata kama umeingia nane bora wanaoongezewa mirusho.