Namna ya kuonja divai nyekundu ya Italia kwa mbuzi wa mchuzi

Kwa mkazi wa Goma anayetaka kuijua divai ya Italia bila kumaliza mshahara, napendekeza aanze na Montepulciano d'Abruzzo, ambayo kwa kanuni hutengenezwa kwa zabibu za Montepulciano zisizopungua asilimia 85, katika mkoa wa Abruzzo unaopakana na Bahari ya Adriatiki. Usiichanganye na Vino Nobile di Montepulciano, ambayo ni divai ya mkoa wa Toscana, ya zabibu nyingine na ya bei nyingine kabisa. Ukiikosa, chukua Chianti ya kawaida, divai nyekundu nyingine ya Toscana. Herufi DOC au DOCG kwenye lebo huonyesha kwamba kanuni za eneo zimefuatwa, lakini hazikuhakikishii kwamba chupa haikukaa miezi kadhaa dukani ikipigwa na jua, na hilo ndilo la kuchunguza zaidi.

Divai hii hunyweka vizuri ikiwa na nyuzi 16 hadi 18. Iweke kwenye friji kwa nusu saa, au, umeme ukikatika, kwenye beseni la maji baridi.

Pika mbuzi kwa nyanya nyingi na vitunguu, usonge bugali, na pilipili uitenge kando, kwa sababu pombe huuzidisha ukali wake. Mimina theluthi ya glasi, izungushe, inuse, kisha onja kabla ya kula chochote. Uchachu utakujaza mate, na tanini, yaani ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, itakausha fizi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Wengi huishia hapo na kuilaumu divai. Sasa tafuna kipande cha nyama chenye mafuta pamoja na tonge lililochovywa mchuzini, meza, kisha unywe funda la pili: protini ya nyama imeshikana na tanini, hivyo ukavu umepungua, na uchachu wa nyanya umeufunika ule wa divai, hata ladha ya matunda inajitokeza.

Sombe ya mawese nayo inakubali, na jibini la Masisi linakubali zaidi. Sambaza ningeziachia bia, kwani samaki na divai nyekundu huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Inayobaki irudishie kizibo, uiweke kwenye friji na kuimaliza ndani ya siku mbili au tatu. Ikishapita hapo, itie kwenye sufuria ya nyama.