Jinsi ya kugombea ujumbe wa bodi ya shule Texas ukiwa kijana: kutoka uraia hadi kiapo

Binti wa jirani yetu alikuwa na miaka 19 aliponiuliza, "Shangazi, hivi mtu kama mimi anaweza kugombea bodi ya shule?" Alizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia kutoka Kivu Kusini. Alifika Texas akiwa mtoto mdogo na akasoma shule za hapa mpaka akahitimu. Wadogo zake bado wanasoma katika shule hizo. Nilimwambia asubiri kidogo, tuketi tusome sheria kabla hajamwambia mtu yeyote. Tuliyoyasoma ndiyo ninayokuandikia, mdogo wangu, kwa sababu nimeona vijana wetu wenye akili na moyo wakizuiwa na tarehe moja tu waliyoipita bila kujua.

Ujue kwanza unaomba kazi gani. Texas ina zaidi ya wilaya za shule 1,000, na kila moja ina bodi yake, mara nyingi yenye wajumbe saba. Bodi hiyo ndiyo inayopitisha bajeti, inayopanga kiwango cha kodi ya shule na inayomwajiri mkurugenzi mkuu wa wilaya. Muhula ni miaka mitatu au minne. Mshahara hakuna, sheria imesema wajumbe wanatumikia bure. Kura hazipigwi nyingi kama za urais, na hapo ndipo kijana anayejulikana mtaani kwake ana nafasi. Mwaka 2022, huko Boise, Idaho, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 18, Shiva Rajbhandari, alimshinda mjumbe aliyekuwa madarakani. Texas nayo inaruhusu miaka 18.

Ijue wilaya yako

Usiamini anwani yako ya posta. Mtu anaweza kuandika "Houston" kwenye barua zake zote, kumbe nyumba yake iko ndani ya Alief ISD, Aldine ISD au Spring Branch ISD (ISD ni kifupi cha Kiingereza cha wilaya ya shule inayojitegemea). Piga simu ofisi ya wilaya, taja namba ya nyumba na mtaa, uulize mambo matatu: je, niko ndani ya mipaka yenu? Wajumbe wenu wanachaguliwa na wilaya nzima, au kila eneo lina mjumbe wake? Uchaguzi wenu ni Mei au Novemba? Kama ni kwa maeneo, lazima uishi ndani ya eneo lile unalogombea.

Uliza pia kama bodi iliyochaguliwa ina madaraka kwa sasa. Tangu Juni 2023 serikali ya jimbo ilichukua usimamizi wa shule za Houston ISD na kuweka bodi ya kuteuliwa. Wajumbe wa kuchaguliwa wapo, lakini mamlaka yao yamesimamishwa. Sisemi usigombee mahali kama hapo, ila ingia ukijua.

Uraia

Hapa usikimbilie. Lazima uwe raia wa Marekani. Green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, haitoshi, hata kama umeishi nayo miaka kumi na kodi unalipa. Na nakuomba sana: usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura kabla hujawa raia, hata kama mtu mwenye clipboard mlangoni kwa duka amekuambia "saini tu hapa." Kudai uraia usio wako ni kosa linaloweza kukufanya urudishwe ulikotoka, na kusema "sikujua" mara nyingi hakusaidii.

Kuna jambo jema ambalo familia nyingi hazilijui. Kama mzazi wako mmoja aliapishwa kuwa raia wakati wewe hujatimiza miaka 18, ulikuwa na green card na ulikuwa unaishi naye hapa chini ya malezi yake, basi wewe ulishakuwa raia siku ile ile, bila mtihani wala kiapo. Unachohitaji ni ushahidi: omba pasipoti ya Marekani, ukibeba cheti cha uraia cha mzazi, cheti chako cha kuzaliwa na green card yako. Binti wa jirani alikuwa hivyo. Alidhani yeye bado ni "mtoto wa mkimbizi", kumbe alikuwa raia tangu akiwa na miaka 16.

Kama mzazi aliapa baada ya wewe kufika 18, itabidi uombe mwenyewe. Kwa aliyeingia kama mkimbizi, miaka mitano inahesabiwa tangu siku alipotua Marekani, kwa kuwa tarehe ya green card yake hurudishwa nyuma hadi siku hiyo. Wengi wanahesabu kuanzia siku kadi ilipofika kwa posta na wanapoteza mwaka mzima au zaidi.

Umri, makazi na kadi ya mpiga kura

Miaka 18 inatakiwa uwe umeitimiza siku ya kwanza ya muhula unaougombea. Hilo ni rahisi. Makazi ndiyo yanayotuumiza, kwa sababu sisi ni watu wa kuhama: kodi ikipanda tunahama, kazi ikibadilika tunahama. Sheria inataka uwe umeishi Texas miezi 12 mfululizo, na ndani ya eneo unalogombea miezi 6 mfululizo, vyote vikihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kupokea maombi. Familia ya binti wa jirani ilikuwa imehamia fleti nyingine miezi minne kabla, ng'ambo tu ya barabara kubwa, na barabara ile ndiyo mpaka wa wilaya. Mwaka ule ukawa umekwisha kwake. Alisubiri. Tunza mkataba wa nyumba na bili za umeme zenye jina lako.

Siku hiyo hiyo ya mwisho uwe tayari umeandikishwa kupiga kura ndani ya eneo hilo, kwa anwani mpya. Texas haina njia ya kawaida ya kujiandikisha kwa mtandao. Unajaza karatasi, unaisaini kwa kalamu, unaipeleka kwa msajili wa wapiga kura wa kaunti. Na uandikishaji huo unaanza kufanya kazi siku ya 30 baada ya kuwasilisha, au utakapofika miaka 18. Kwa hiyo anayejiandikisha wiki moja kabla ya kupeleka maombi amechelewa. Karatasi hiyo inapokelewa tangu ukiwa na miaka 17 na miezi 10.

Tuchukue mfano wa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026. Maombi yanapokelewa kuanzia 18 Julai hadi 17 Agosti, saa kumi na moja jioni. Basi uwe unaishi kwenye eneo hilo tangu 17 Februari 2026 au kabla, uwe Texas tangu 17 Agosti 2025, na karatasi ya mpiga kura iwe imefika kaunti mapema Julai. Kwa uchaguzi mwingine wa kawaida wa Mei au Novemba, hesabu siku 78 kurudi nyuma kutoka siku ya kura. Hiyo ndiyo siku ya mwisho. Iandike ukutani.

Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai hafai mpaka awe amesamehewa au ameondolewa kisheria vizuizi vinavyotokana na hukumu hiyo.

Mweka hazina kabla ya senti ya kwanza

Watu wengi hujaza maombi kwanza halafu ndiyo wafikirie pesa. Wewe anza na fomu iitwayo CTA, ya kumteua mweka hazina wa kampeni. Kabla ya kuiwasilisha, huruhusiwi kupokea mchango wala kutumia pesa kwa kampeni, hata ile ya mfukoni mwako. Kuchapisha vipeperushi 50 kwa dola zako mwenyewe ni matumizi ya kampeni. Unaweza kujiteua mwenyewe kuwa mweka hazina. Kwa bodi ya shule, fomu hii unaipeleka wilayani, kule kule utakakopeleka maombi.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu michango, maana desturi yetu ni kuchangiana. Mjomba aliyeko Goma, dada aliyeko Nairobi, rafiki wa baba aliyeko Muscat, kama si raia wa Marekani na hana green card, hawaruhusiwi kutoa hata dola moja. Sheria hiyo ni ya taifa zima na inagusa hadi uchaguzi mdogo kama huu. Mtu aliyefika juzi kama mkimbizi na bado hana green card, naye hachangii. Anaweza kujitolea: kubandika bahasha, kutembea nawe nyumba kwa nyumba, kukupikia timu chai na maandazi jikoni kwake. Mwambie hivyo kwa upole na mapema, ili asione umemkataa yeye.

Kanisa au chama cha jumuiya kilichosajiliwa kama shirika hakitoi pesa kwa kampeni. Basi usipitishe kikapu ibadani, hata mchungaji akikupenda kiasi gani. Watu binafsi wanaoruhusiwa wachangie mmoja mmoja, kwa majina yao, na pesa taslimu kutoka kwa mtu mmoja isizidi dola 100 katika kipindi kimoja cha ripoti. Zaidi ya hapo atoe kwa hundi. Nunua daftari. Andika jina, anwani, tarehe na kiasi siku ile ile.

Daftari hilo ndilo litakalokujazia ripoti za fedha, moja siku 30 kabla ya uchaguzi na nyingine siku 8 kabla. Kama hutarajii kupokea wala kutumia zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho ni zaidi kidogo ya dola 1,000 na hupandishwa mara kwa mara, weka tamko hilo kwenye CTA ili usamehewe ripoti hizo mbili. Za Januari na Julai zinabaki.

Fomu ya maombi yenyewe

Ni karatasi fupi, ya kuomba nafasi kwenye karatasi ya kura ya wilaya ya shule. Inapatikana ofisini kwa wilaya na kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo la Texas. Kwa bodi ya shule kwa kawaida hakuna ada wala saini za wafuasi za kukusanya.

Mahali pa nafasi unayoomba, andika na namba yake kama ipo. "Mjumbe wa bodi" peke yake haitoshi pale penye nafasi zenye namba. Penye kazi usiache wazi: kama ni mwanafunzi, andika mwanafunzi, na kama unafanya kazi ghalani usiku, andika hivyo bila haya. Muda wa makazi andika miaka na miezi, na hesabu yako ikubaliane na mkataba wa nyumba.

Jina linahitaji utulivu, hasa kwetu. Wengi majina yetu yaligeuzwa kwenye karatasi za safari, la ukoo likakaa mbele, la kwanza nyuma, na pasipoti ikasema hivi wakati leseni inasema vile. Weka sawa hati zako kwanza. Kisha kuna jina unalotaka lionekane kwenye kura. Unaruhusiwa kuongeza jina la utani, lakini liwe neno moja lisilozidi herufi 10, uwe umejulikana nalo angalau miaka mitatu, na lisiwe kaulimbiu. Kama mtaa mzima umekuwa ukikuita Bahati tangu utotoni, linafaa. Jina ulilobuni mwezi jana halifai.

Utasaini pia kwamba unafahamu sheria ya kutoajiri ndugu. Kama mama yako anapika shuleni, uliza ofisi mapema, maana sheria inaangalia ameajiriwa tangu lini. Wewe mwenyewe, kama ni mwajiriwa wa wilaya hiyo hiyo, utalazimika kuacha kazi ili ukae kwenye bodi yake.

Usisaini nyumbani. Fomu ina kiapo, na inasainiwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, yule anayegonga muhuri kwenye hati. Benki nyingi wanaye, na mara nyingi ofisi ya wilaya pia. Nenda na kitambulisho.

Siku ya kupeleka

Peleka mwenyewe, wiki ya kwanza dirisha la maombi likifunguliwa. Barua ya posta inahesabiwa siku inapofika, si siku ulipoituma. Ukiwahi na ikaonekana kuna kosa, unajaza nyingine. Ukienda siku ya mwisho saa kumi na nusu jioni, kosa dogo linakutoa. Omba nakala yenye muhuri wa tarehe na saa, na uipige picha kabla hujatoka mlangoni.

Mabango yasije na haraka. Kama hushikilii kiti hicho tayari, neno la Kiingereza "for" lazima liwepo kati ya jina lako na cheo, kwa herufi zisizopungua nusu ya ukubwa wa zile za cheo. Bango liwe pia na ilani ya kutowekwa kwenye hifadhi ya barabara kuu. Fundi wa kuchapa asiyezoea kampeni hatakukumbusha. Na usitumie barua pepe ya shule, mashine ya kunakili ya shule, wala kugawa vipeperushi kupitia walimu.

Kama hakuna mpinzani aliyejitokeza kwa nafasi yako wala kwa nyingine zinazopigiwa kura, wilaya inaweza kufuta uchaguzi na kukutangaza umechaguliwa. Ukishinda, utakula kiapo, na ndani ya siku 90 umalize mafunzo ya sheria ya vikao vya wazi. Ukishindwa, CTA yako bado iko hai na ripoti zinaendelea kudaiwa, kwa hiyo jaza ripoti ya mwisho ufunge hesabu, kabla ya mtu kupeleka malalamiko kwa Tume ya Maadili ya Texas.

Binti wa jirani alipeleka maombi yake mwaka uliofuata, siku ya pili ya dirisha, mama yake akiwa amevaa kitenge kipya. Karani aligonga muhuri saa nne na dakika kumi asubuhi.