Kumtazama mtoto kituoni: anza na yule asiyelia

Nalea watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu katika kituo cha kulelea watoto mchana, Dar es Salaam. Daftari langu la kwanza lilijaa watoto watatu tu: mliaji, mcheshi na mtundu. Watulivu hawakuwamo, na ndio tuliokuwa tukiwabeba na kuwaongelesha kidogo kuliko wote. Bado inaniuma.

Hatua ya 1. Panga zamu mapema. Andika majina yote, kila siku chukua wawili, dakika tano kwa kila mmoja, awe anakula, anacheza au anabadilishwa nepi. Mwenzako aangalie wengine.

Hatua ya 2. Andika ulichokiona na kukisikia. "Mvivu" hakuna aliyemwona. Andika hivi: "Saa 4:10, ameshika mfuniko wa sufuria, ameugonga sakafuni mara tatu, akanitazama. Nilikuwa nimempa mgongo." Hilo la mgongo usiliache, maana mtoto anayeita bila kujibiwa mwishowe huacha kuita.

Hatua ya 3. Ijumaa, hesabu. Nani hana hata mstari mmoja? Wasichana wote wameandikwa "wapole"? Mwenye mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, ameandikwa mguu tu, michezo yake ikasahaulika?

Hatua ya 4. Muulize mama, au bibi anayemleta. Mtoto mmoja tulidhani hajaanza kusema. Kumbe "minzi" yake ilikuwa Kisukuma, anaomba maji! Maneno ya lugha ya nyumbani yahesabu yote.

Hatua ya 5. Pima kwa umri, bila pupa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: kutembea bila kushikwa huanza kati ya miezi 8 na 18 hivi. Mtoto njiti mhesabie kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili. Lakini aliyekuwa akitamka au kutembea kisha akaacha, asisubiri: zungumza na mzazi siku hiyohiyo, aende kliniki na nakala ya ulichoandika.

Hatua ya 6. Badilisha kitu kimoja, kisha mtazame tena. Yule wa mfuniko tulimtoa kwenye kona, tukamtandikia mkeka karibu na meza tunapokaa. Wiki iliyofuata aligonga, nikageuka, nikagonga na mimi. Akacheka.