Ndizi ipi hupandisha sukari ya damu zaidi? Jipimie nyumbani

Ukienda soko la Wakulima utapata ndizi kisukari, Kampala na matoke mabichi. Jina peke yake halikwambii mengi. Tazama ukubwa na uivaji. Ndizi inavyoiva, wanga wake hugeuka sukari, kwa hiyo yenye ganda la madoadoa huingia kwenye damu haraka kuliko ile yenye kijani shingoni. Matoke ya kuchemsha nayo ni wanga, si mboga. Ukiyala, punguza ugali au wali.

Menya kwanza, ndipo upime kwa mizani. Gramu 65 za ndizi mbivu zina takriban gramu 15 za wanga: kisukari moja hivi, au nusu ya Kampala ya wastani. Ukilinganisha aina mbili, uzito uwe uleule, la sivyo unalinganisha ukubwa tu.

Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kabisa kila unapojitoboa kidole kupima sukari kwa glukomita (mashine ya kupimia sukari ya damu). Maji ya tunda yaliyobaki kidoleni yanaweza kupandisha kipimo kwa uongo, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Ukitoka 6.4 hadi 9.1 mmol/L (kizio cha sukari kwenye mashine), andika 2.7. Siku nyingine jaribu aina ya pili, saa ileile, bila kutembea hadi steji katikati ya vipimo.

Usiruke dawa ili kufanya jaribio. Anayetumia insulini amuulize daktari wake kwanza, na kipimo kikiwa chini ya 4, atibu kushuka huko mara moja.